Sauti Iliyowekwa Akiba

Jumapili iliyopita nilikuwa mezani kwangu hapa Lubumbashi, sahani ya bukari, ugali wetu, mbele yangu, mboga ya lengalenga pembeni na samaki wa ziwa la Tshangalele niliyemkaanga mwenyewe, mlango ukagongwa. Waliokuja walikuwa wawili, wametoka Likasi asubuhi ile ile, na hawakupiga simu. Hilo peke yake lilinishtua, maana siku hizi hata jirani wa nyumba ya tatu hakanyagi kwako kabla ya kutuma ujumbe wa kuuliza kama upo. Mmoja alikuwa Papa Mukendi, mzee mrefu ambaye sasa anatembelea fimbo. Wa pili alikuwa Mama Julie, jirani yetu wa zamani kule mtaa wa Shituru. Niliwakaribisha mezani wakakataa. Walikaa kwenye kochi wamebana magoti kama watu wanaongoja daktari, na Papa Mukendi akaweka mapajani mfuko mweusi wa plastiki, akaushika kwa mikono yote miwili. Nikauliza kuna nini. "Kula kwanza, Sele," akasema. "Tutasema kisha. Kula."

Mtu mwingine angedhani ni adabu tu. Mimi tonge lilinigandia mkononi, kwa sababu maneno hayo nayajua, niliwahi kuyafanyia kazi. Nilielewa pale pale kwamba Mama Odia, dada yake Papa Mukendi, amefariki. Na kabla machozi hayajanijia nilisikia hasira, hasira ya kitoto kabisa, kwamba ameondoka bila kuniambia kama alinisamehe. Miaka yote hii nimemtumia salamu za mwaka mpya, nimemtumia kitenge, nimemtumia picha za wanangu, na jibu lililorudi kupitia kwa Mama Julie lilikuwa lile lile: "Amesikia." Kusikia na kusamehe ni vitu viwili. Mimi ni mwalimu, nina wanafunzi sitini wanaonisikia kila siku. Basi nikaanza kumega bukari polepole, wale wawili wakiitazama sahani yangu, na mwaka niliokaa kwa Mama Odia ukanirudia wote, kuanzia chumba.

Chumba kilikuwa sebule ya nyumba ya kampuni huko Shituru, ndogo, sakafu ya saruji nyekundu, kuta zilizokuwa nyeupe zamani. Moshi wa kiwanda ulikuwa unaingia kila upepo ukigeuka, na ulikuwa na ladha. Ukila huku dirisha liko wazi, chumvi haikuhitajika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, mwaka wa mwisho wa sekondari, mwaka wa mtihani wa serikali, na Mama Odia alikuwa amenipa kitanda kwa sababu upande wetu wa ziwa hapakuwa na shule ya kufika mpaka hapo. Hatukuwa ndugu. Yeye ni wa mkoa wa Kasai, mimi ni wa hapa, mikoa iliyowahi kugombana, na kulikuwa na watu wa pande zote mbili waliotutazama tukienda sokoni pamoja kama waliona mbuzi na mbwa wakichangia kamba. Alikuwa anashona sare za shule. Kusoma hakujua, na vipimo vya watoto wa mtaa mzima alivihifadhi kwa kufunga mafundo kwenye vipande vya kitenge, kila mtoto na kipande chake. Kila kitu ndani ya nyumba ile kilifungwa kwa kipande cha kitenge: mfuko wa unga, daftari langu, mlango wa kabati uliokataa kufunga.

Mwanawe, Kabeya, alikuwa Afrika Kusini akitengeneza friji. Ndiye mtoto pekee aliyembakia mama yake, na simu zake zilikuwa fupi, zinakatika katikati ya jina la mtu. Mama Odia alikuwa akibaki na simu sikioni muda mrefu baada ya mstari kufa, akisema "Allô? Allô, mwana?" Nadhani Kabeya alikuwa akiyafikiria hayo huko aliko, maana mwezi wa kumi dereva mmoja wa lori alivuka mpaka wa Kasumbalesa na kutuletea soksi nene ya mwanaume, na ndani ya soksi kulikuwa na konsoli ya mchezo, ile ya kushika mikononi, nyeusi, kioo kipana katikati na vitufe kila upande. Vijana wa mjini walikuwa wanazitamani kwa ajili ya mpira na mbio za magari. Mama Odia aliigeuza, akainusa, akaniuliza kama mwanawe amepata kichaa cha kumtumia mama yake kichezeo. Siku mbili baadaye Kabeya akapiga, na safari hii aliomba kusema na mimi.

"Sele, sikia muzuri," akasema kwa Kiswahili cha kwetu. "Ile kamashini si ya kucheza tu. Sasa baliiongezea bintu: internet, foto, sauti. Peleka ku siber fasi iko wifi. Itakuuliza kama ibadilike, weye itika. Mais chaji ikuwe yenye kuyaa, mia kwa mia. Kama inazimika katikati, inakufa, haifufuke tena."

Kwa hiyo nilikwenda mjini kwa Bwana Justin, mwenye kafe ya intaneti pekee niliyoijua yenye mtandao usio na waya. Alikuwa mtu mwenye haraka na mwenye mashaka. Aliichomeka konsoli ukutani, akabonyeza, ikavuta yote iliyohitaji, na ilipoanza kujibadilisha mstari wa buluu ukaanza kutambaa kwenye kioo ukihesabu kuelekea mia. Ulipofika sitini na kitu, umeme ukakatika. Kompyuta zote za Bwana Justin zilikata roho kwa mkupuo, watu wakaguna, na katika giza lile la mchana kilichobaki kinawaka kilikuwa kile kioo kidogo, sasa kikitegemea betri yake peke yake. Nilinyoosha mkono. "Usiiguse!" akafoka. "Hata kupumua juu yake usipumue!" Tukasimama hivyo, mimi na yeye na wateja wanne wasiotuhusu, tukiutazama mstari. Ulikwama tisini na moja kwa muda ambao nilimaliza sala nzima. Kisha ikazima, ikawaka, na alama mpya zikajipanga juu ya kioo: ya kurasa za intaneti, ya picha, na ya idhaa za sauti. Wateja wakapiga makofi.

Idhaa ndiyo iliyokuwa hila ya Kabeya. Alikuwa amejitengenezea mahali huko kwenye intaneti, mahali pake mwenyewe, anajirekodi akizungumza na kuiweka sauti hapo, na konsoli ikikuta mtandao inaivuta sauti mpya na kuihifadhi ndani. Kwa hiyo kila Alhamisi baada ya shule nilipita kwa Bwana Justin, nikavuta sauti, nikarudi nayo Shituru kama mtu aliyebeba mayai. Sauti ya kwanza ilianza hivi: "Mama, yambo. Ni mie. Usijibu, mama, hii haisikie." Mama Odia akajibu. Akajibu kila sentensi, akamkemea kwa kutokula vizuri, akacheka, akamwambia bei ya pamba imepanda. Nilipomkumbusha kwamba mwanawe hasikii, akanitazama kwa huruma. "Weye uko na masomo mingi," akasema. "Mutoto akisema na mama yake, mama anyamaze?"

Kabeya alikuwa msimulizi. Alituambia juu ya mwenye nyumba wake aliyefuga njiwa bafuni, juu ya friji aliyoifungua akakuta nyoka amelala kwenye baridi, juu ya bukari ya kule isiyoshika mkononi. Dakika kumi, wakati mwingine kumi na tano. Ilipofika Noeli Mama Odia alikuwa ameshajifunza kuitumia mwenyewe: kitufe cha msalaba kinafungua, cha duara kinarudisha. Konsoli ilikuwa na nafasi yake kwenye kabati, juu ya kitambaa cha kufuma, na waya wake wa chaji aliufunga kwa kipande cha kitenge cha kijani chenye mafundo mawili. Jumapili baada ya misa majirani walikuwa wanakuja kusikiliza, Mama Julie mbele yao. Sauti zile za zamani Mama Odia alizijua kwa moyo, alikuwa anatangulia kucheka kabla ya kichekesho kufika.

Mwezi wa pili Kabeya alinipigia mimi, akanong'ona kama vile mama yake angemsikia kutoka huko. "Kuko sauti moya naituma. Usimuwekee mama, na weye usisikie. Ni ya akiba. Siku nitafika pa mupaka nitakubipe, njo utamuwekea. Unasikia?" Nikaivuta, nikaihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu ya konsoli, mahali ambapo Mama Odia hakujua kufika, na sikuisikiliza. Nasema hivi si kwa kujisifu. Nilikuwa mtiifu sana mwaka ule, na utiifu wangu ndio ninaouandikia leo.

Alhamisi iliyogeuza yote ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zikiwa karibu kuisha. Kulikuwa na sauti mpya, na niliweka vipokea sauti masikioni pale pale kwa Bwana Justin, kama nilivyozoea, nionje dakika ya kwanza. Haikuwa sauti ya Kabeya. Ilikuwa ya mwanaume mwingine, anasema polepole, anameza mate. "Mwenye kusikia hii, kama ni mama, tafazali simamisha, uite mukubwa." Akanyamaza kidogo, kama kutupa nafasi. "Nilikuwa nakaa na Kabeya chumba moya. Gari ilimugonga mardi asubuhi. Alikufia ku hopitali. Simu yake ilipotea, siyue numero ya mutu hata moya wa kwabo. Nilikuta tu mashini yake inafunguka pa ile fasi anatiaka sauti. Mutusamehe." Kisha akataja namba, mara mbili, na ikaisha. Jumanne, siku mbili tu kabla. Jamaa mmoja kwenye kiti cha jirani alikuwa anacheka na kompyuta yake. Niliandika namba nyuma ya daftari la kemia. Nikaisikiliza tena, labda kuna neno nililolikosa. Halafu nikakumbuka kitufe cha msalaba: leo jioni Mama Odia ataichukua, ataona sauti mpya juu ya orodha, atabonyeza. Nikachagua kufuta. Konsoli ikaniuliza kama nina hakika. Nakumbuka nilikaa nikilitazama swali lile, na mara ya kwanza nilikosea kitufe.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda mtaa wa Kikula kwa Papa Mukendi, kaka yake Mama Odia, kwa sababu hata mimi wa upande wa pili nilijua habari kama hiyo haipiti mdomoni mwa msichana. Alikuwa anasafisha baiskeli. Alinisikiliza, akatoka nje na simu na daftari langu la kemia, na aliporudi uso wake ulikuwa umezeeka. Aliniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna.

"Muzuri. Usiseme," akasema. "Weye si wa jamaa. Na hata ungekuwa wa jamaa, uko mutoto. Sikia: mutu wa inje banamuambiaka mu simu, mu njia, fasi yote. Mama mwenye kuzaa, hapana. Mutoto ya nyumba, hapana. Kule banatembea bakubwa, na miguu yabo. Banakuta akule, ashibe, njo banasema. Juu kisha pale hatakula tena siku mingi." Akakokotoa kwa vidole wazee wa kukusanya mpaka Jumamosi: mmoja wa kuletwa kutoka Kapolowe, wawili kutoka Lubumbashi. "Samedi asubuhi tutakuya. Iko na sukari, unayua. Asiangukie na tumbo bule. Kazi yako ni moya tu: akule."

Nilikubali. Ningefanya nini? Nilirudi Shituru na konsoli kwenye begi, na Mama Odia alikuwa mlangoni, sindano mdomoni. "Iko wapi sauti ya mutoto yangu?" Nikasema mtandao ulikuwa umekufa. Uongo wangu wa kwanza ulitoka mwepesi hata mimi nikaushangaa. Alisikitika, akala nusu, akaniambia nimekonda kwa masomo, akanisukumia kipande chake cha nyama. Nililala nikiwa nimeuma shuka.

Ijumaa alikataa kula kabisa. Alikuwa amejaribu simu ya mwanawe tangu asubuhi na haikupatikana, na moyo wake, alisema, ulikuwa unatembea mahali pasipo njia. Nilipotoka shule saa saba sufuria ilikuwa haijaguswa. Papa Mukendi alipita akijifanya anaelekea kwa fundi, akaniita nje ya ua. "Alikula?" Nikatikisa kichwa. Akaniangalia kwa namna ya kuniambia kwamba yeye anafanya kazi yake na mimi sifanyi yangu. Jioni, jua bado liko juu ya bomba la kiwanda, nilipika bukari upya, nikaweka mezani, nikamnawisha mikono. Aliirudisha mikono mapajani.

"Sikule mpaka nimusikie."

Nikachukua konsoli, nikamwekea ile ya njiwa. Hakungoja hata dakika. "Ile ni ya njiwa. Nilishaisikia." Nikaweka ya nyoka. "Sele, weye unanifanya mutoto?" Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na sikujua kama ni hofu au ni ile sukari yake ikishuka, na nilimwona akianguka pale kwenye saruji nyekundu kabla ya Jumamosi, na wazee wakinikuta mimi nimesimama juu yake. Nikakumbuka sauti ya akiba. Niliifikiria kuwa salamu tu, mzaha wa sikukuu, labda wimbo. Nikaingia kwenye kadi, nikabonyeza msalaba.

"Mama!" Kabeya akapaza, na nyuma yake njiwa walisikika. "Weka mayi ya bukari pa moto. Usiulize, weka tu. Niko pa njia, mama. Sikubakisha mbali. Fungua mulango, njo mie huyu!" Halafu akacheka, akacheka mpaka sauti ikakatika.

Mama Odia alisimama. Aliufungua mlango kweli, akatazama barabara, akarudi huku ameshika mdomo. Kisha akapiga kigelegele kilichomtoa Mama Julie jikoni kwake. "Kabeya iko nakuya! Iko pa njia! Njo juu simu haipite, iko mu pori!" Akakaa, akala. Alikula sahani yake, akala na mabaki ya sufuria, akizungumza na chakula mdomoni juu ya kitanda atakacholalia, juu ya kuku wa kumnunua kwa Mama Julie. Kazi yangu ilikuwa imefanikiwa. Ningeweza kusema wakati ule. Mdomo niliufungua, hilo nalikumbuka vizuri, na kilichotoka ni "Niongeze maji, mama?" Kisha nikakusanya vyombo, nikaenda kuviosha nje, nikaviosha mara mbili.

Siku hizi nabishana na msichana yule niliyekuwa. Wanafunzi wangu wanapata kila kitu kwenye skrini. Mwaka jana mmoja alijua kifo cha baba yake katikati ya somo langu, kwenye kundi la ukoo, kati ya picha ya keki na tangazo la shamba linalouzwa. Alinyanyua uso akanitazama, simu mkononi. Siku ile nilimpa haki Papa Mukendi, nikatamani wangekuja wazee wawili wakamkuta ameshiba. Lakini nikifika nyumbani nikakaa peke yangu, namsikia Kabeya akicheka na njiwa wake, na haki yote ile inaniponyoka. Desturi ilinipa kazi ya kumlisha. Haikuniambia nimlishe nini.

Jumamosi asubuhi Mama Odia aliamka kabla yangu. Nilipotoka chumbani sebule ilikuwa tupu. Viti, meza, kabati, cherehani, vyote alikuwa ameshavitoa uani kwa msaada wa Mama Julie, na yeye yuko juu ya stuli, kitambaa kichwani, anapaka chokaa. Mikono ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko. "Mutoto akute nyumba inapendeza," akasema. Alikuwa amekunywa uji. Nilimuuliza hilo, ndilo swali pekee nililokuwa nalo. Saa nne nikasikia miguu mingi barabarani, na nikawaona: Papa Mukendi mbele, wanaume watatu nyuma yake, na wanawake watano wamejifunga vitenge kiunoni kwa kukaza, jinsi wanawake wanavyojifunga wakienda kulia. Nilitaka kukimbia kuwazuia. Sikukimbia.

Mama Odia aliwaona kutoka mlangoni, brashi mkononi, na uso wake ukafunguka wote. "Ah! Mulishasikia! Nani alibaambia? Bado hayafika, mais muingie, muingie! Sina hata kiti ya kubapatia, muone aibu yangu!" Papa Mukendi alisimama katikati ya ua. Alitazama viti vilivyopangwa nje. Alinitazama mimi, na nikaona ameelewa kwamba kuna jambo nililolifanya, ila hajui ni lipi. Mzee yule ambaye hajawahi kukosa neno kwenye baraza lolote alikohoa, akasema, "Odia, ulishakula?" Mama Odia akacheka. "Nilikula! Tangu jana niko nakula tu. Furaha nayo haishibishe?" Ndipo kaka yake akamshika mkono wenye chokaa, akamwingiza ndani, na wanawake wakafuata.

Kilio cha mama sitakiandika. Nitaandika kitu kimoja tu. Kwetu msiba ukitangazwa, wanawake huingia na kutoa vitu sebuleni ili watu wakae chini. Wale watano waliingia wamekunja mikono ya blauzi, tayari kwa kazi hiyo, wakakuta hakuna cha kutoa. Wakatandika mikeka moja kwa moja. Chokaa ilikuwa bado mbichi, na kila aliyekuja kulia siku zile na kuegemea ukuta aliondoka na mgongo mweupe.

Siku ya tatu, watu wakiwa wamepungua, Mama Odia alimuuliza kaka yake habari ilifika lini. Papa Mukendi hakudanganya. Alisema Alhamisi, na alisema ni mimi niliyeileta, akanisifu mbele ya wote kwamba nina mdomo unaojua kufunga. Mama Odia aligeuza kichwa polepole. Macho yalikuwa yamevimba, lakini yaliniona vizuri.

"Ile sauti ya vendredi, ile ya 'niko pa njia'. Ulikuwa unayua?"

"Nilikuwa nayua, mama."

"Nilifungua mulango." Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ananiarifu. "Ulinichekesha na mufu, Sele."

Hakunifukuza. Ningependa angenifukuza. Niliishi naye miezi minne mingine mpaka mtihani, na kila siku nilikuta sahani yangu mezani imefunikwa, ya moto, nyama ndani yake, na yeye yuko uani anakula peke yake ameipa nyumba mgongo. Konsoli aliifunga na waya wake kwa kile kitenge cha kijani, akaitia kwenye sanduku la bati, na sikuiona tena. Nilifaulu mtihani. Nilipoondoka alinipa mkono kama unavyompa mpangaji, akasema, "Uende muzuri." Tangu hapo ni "Amesikia", mwaka baada ya mwaka.

Jumapili iliyopita, nikiwa nimefika nusu ya sahani, niliinua macho. Papa Mukendi alikuwa ameuhamisha mfuko ili anyooshe goti linalomuuma, na mdomoni mwa plastiki ile nyeusi kulikuwa kumejitokeza ncha ya kitambaa. Kilikuwa kimepauka, karibu kuwa kijivu, lakini kilikuwa cha kijani, na kilikuwa na mafundo mawili. Niliacha kutafuna. Nikawatazama wale wazee, vumbi la barabara kwenye viatu vyao, simu ya Mama Julie imekaa kimya kwenye mkoba wake. Papa Mukendi mimi namjua. Hawezi kusafirisha magoti yale mpaka Lubumbashi kwa ajili ya msichana aliyepanga kitanda kwa dada yake zamani. Kwa mtu kama huyo simu inatosha, njiani, popote. Alikuwa ametumwa. Na aliyemtuma, ambaye kwa miaka yote hii alikuwa akinijibu kwa neno moja, alikuwa amewaagiza kabla hajafa waje kwa miguu yao, wanikute nakula, wangoje nishibe.

Machozi yalinitoka mdomo ukiwa umejaa. Hawakuniambia niache. Nilikula. Nilimaliza lengalenga, nilimmaliza samaki mpaka mifupa ikabaki safi, nikafuta sahani kwa tonge la mwisho la bukari na kulila. Nikanawa mikono. Kisha nikaenda nikakaa chini kwenye sakafu, mbele ya miguu yao, mahali anapokaa mtoto wa nyumba.

"Nilishiba, papa," nikasema. "Sasa museme."